Orodha ya Wakazi

Kinu cha kuchambua pamba ambacho mdogo wangu alikihudumia kwa miaka kumi na tisa, mjini Shinyanga, kilifungwa bila kelele. Msimu mmoja pamba ilikuwa haba. Msimu uliofuata mashine hazikuwashwa. Wengi wa wakulima waliokuwa wakileta pamba walikuwa wameshuka kwenye mashimo ya dhahabu.

Alikuja kwangu, kijijini karibu na Segese, kutafuta kazi mgodini. Kwa vibarua, mgodi huanza na wakazi wa vijiji vinavyouzunguka, na majina husomwa hadharani kwenye mkutano wa kijiji. Mwenye pingamizi husimama. Nilikuwa miongoni mwa waliodai utaratibu huo, na bado naona ni wa haki. Mdogo wangu alijiandikisha, akataja kaya yangu kuwa ndiyo makazi yake. Hakuniuliza.

Jina lake liliposomwa, muuza maandazi mmoja alisema bila kuinuka, "Huyo ni mkazi wa Krismasi. Hata jogoo wangu amekaa hapa kumzidi."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Mwalimu," akaniita, "huyu ni mdogo wako. Anakaa kwako au hakai?"

Mdogo wangu alikuwa mstari wa mbele, kofia mkononi. Ana watoto wanne. Alizijua mashine kuliko yeyote katika orodha ile, lakini si hilo lililoulizwa.

"Ana wiki tatu," nikajibu.

Jina likafutwa. Nafasi ilikwenda kwa jirani ambaye hajawahi kushika spana. Akapewa kufyeka nyasi kando ya uzio. Ndiyo kazi iliyokuwapo. Nimesoma mengi kuhusu uchumi unaobadilika na ajira zinazohama. Vitabu husema mtu huzifuata. Havisemi kwamba hufika akiwa mgeni.

Asubuhi alifunga begi lake.

"Ungenyamaza tu, kaka."

"Niliulizwa."

"Uliulizwa na mwenyekiti. Mimi sijawahi kukuomba kitu."

Sasa yuko upande wa Geita, anatengeneza makarasha, mashine za wachimbaji wadogo za kusagia mawe. Hupata riziki siku mashine hizo zinapoharibika. Ningeulizwa tena ningejibu vilevile. Tunakutana misibani. Zamani aliniamkia shikamoo hata mbele ya wakwe zake, siku hizi husema, "Habari za leo," kama kwa mtu wa rika lake, nami huitikia, "Nzuri."