Mtihani wa Vita Kule Malinya

Mume wangu anafundisha vita. Si vile vya vifaru kutazamana uwanjani. Hivyo, anasema, vimebaki kwenye picha za zamani. Yeye anafundisha Vita Visivyo vya Kawaida na Vinavyochipuka. Aliponisomea jina hilo mara ya kwanza nilimuuliza vinachipuka kama sukuma wiki au kama magugu. Hakucheka. Meja mstaafu Ignatius Shikanga hacheki mtu akigusa somo lake.

Wanafunzi wake ni vijana wa jeshi wanaoletwa Kakamega kusoma chuoni kabla ya kuvishwa nyota mabegani. Nawaona wakipita mbele ya kibanda changu cha kushona nguo, vifua mbele, suruali zimepigwa pasi hadi zinatisha. Wanajua jina la kila bunduki na la kila droni. Waulize mama anayewauzia ndizi langoni anaitwa nani, watakutazama kana kwamba umewauliza jina la kuku.

Na mume wangu, baada ya miaka yote aliyolala porini, kazi yake ni kuwafundisha jambo ambalo mtoto wa chekechea hufundishwa na nyanya yake bure: salimia watu, uliza, sikiliza. Amelivika michoro na mishale ili wakubwa wakubali kuliita somo, lakini ukilivua mbwembwe hizo hubaki lilelile. Adui wa siku hizi havai sare. Anayemjua ni mama wa sokoni na mchunga mbuzi. Usipowasalimia hao, utakufa na mitambo yako mgongoni.

Kwa hilo simcheki. Ndugu yangu Sammy alifia mpakani, ndani ya lori la jeshi, akiwa chini ya luteni mmoja kijana aliyesoma sana. Asubuhi ile wachungaji walikuwa wameitoa mifugo yao barabarani na kuipitisha vichakani kwenye miiba. Luteni aliwaona. Askari waliopona walituambia hata alicheka, akasema hawa watu hawajui faida ya barabara. Hakusimama kuuliza. Bomu lilikuwa limefukiwa mbele kidogo tu. Mpaka leo nikiona kijana anatembea na nyota mpya begani, nawahesabu walio nyuma yake.

Kwa hiyo mtihani wa mwisho wa somo la mume wangu naufuata kuliko anavyoufuata yeye. Anayefaulu anapewa askari thelathini, watoto wa watu. Anayeanguka anarudi darasani. Mwaka huu alikuwepo Eugene Osiako, na Eugene alikuwa na mjomba mkubwa Nairobi. Nikamwambia Ignatius, "Baba Shantel, huyu wako wa mjomba, usimpitishe kwa woga." Akasema woga hana. Mwanaume aliyepigana vita viwili, lakini mkubwa akipandisha sauti hunywea kama shati lililofuliwa vibaya.

Mtihani ulifanyiwa kijijini Malinya. Kila mwanafunzi aliwekwa kilimani, akapewa droni na akaambiwa: msafara wako lazima upite barabara ile ya chini. Angalia, chunguza, halafu amua kama utapita, utasubiri au utapiga. Risasi hazikuwepo, ni maneno tu. Na walikuwa huru kumuuliza yeyote. Hatua chache kutoka hapo walikaa wanawake wakichoma mahindi.

Siku hiyo kulikuwa na shilembe ya mzee Cleophas, aliyezikwa jana yake. Mtu wa huku Ikolomani hahitaji kuelezwa. Mzee mwenye heshima akifa, watu humlilia na mafahali. Ngoma ya isikuti hupigwa, wanaume hujifunga majani kichwani, hushika fimbo na matawi, hukimbia wakizunguka boma na barabara, wengine wakitupa mikono kama wanaorusha mikuki. Ni kilio hicho, ila kinatembea.

Eugene akayaona hayo yote kwenye kioo chake. Kijana huyu si mgeni. Amezaliwa Kakamega mjini, kwenye nyumba yenye geti jeusi, na mama yake ni wa kanisa linaloyaita mambo ya shilembe ushetani, kwa hiyo hakupelekwa hata moja. Lakini isikuti aliijua, aliisikia kwenye harusi na mikutano ya siasa. Akapiga hesabu zake. Harusini watu hawabebi fimbo. Basi hiyo ni siasa, na siasa yenye fimbo ni genge la kukodiwa, na genge limefunga barabara. Mgeni kutoka mbali angeogopa kutojua kwake, angeshuka kuuliza. Huyu alijua robo, na robo ikamtosha.

"Piga," akaamuru. Mume wangu akamuuliza amepiga nini. "Wapiganaji, afande. Wote." Wale wanawake wa mahindi walikuwa bado wanachoma mahindi yao.

Ignatius alimwangusha. Akaongeza sharti lililotoka kichwani mwake mwenyewe: Eugene akitaka kupimwa upya, aende kwanza kwa mjane, amweleze kwa kinywa chake alichoamuru, amsikilize, kisha aje kusema amejifunza nini. Nikakubali kumpeleka, maana mtu haingii kwenye matanga bila wa kumwingiza. Nilibeba sukari na majani ya chai. Yeye alibeba simu.

Mama Jescah, mjane, alikuwa ameketi kwenye mkeka ukutani, wanawake wamemzunguka. Nikamsalimia, nikamweleza kwamba kijana huyu ana neno. Eugene akasimama wima, mikono nyuma, akasema akitazama juu ya kichwa chake.

"Mama, siku ya shilembe niliamuru mpigwe. Ilikuwa mtihani."

"Tupigwe na nini?"

"Makombora."

"Sisi wote? Na ng'ombe?"

"Ndiyo, mama."

"Ng'ombe wa watu!" Jescah akapiga makofi mara moja, wanawake wakaguna. "Na hiyo kitu ilikuwa inalia hapo juu ni yako? Sisi tunaombolezanga hapa, wewe unatuchungulia kama mwizi wa kuku? Kijana, huku mtu anakujanga kwa mlango. Anasema pole. Anapewa chai. Kama ungekuwa wangu ningekuchapa na hii fimbo ya mzee mbele ya hawa wote." Kisha akamgeukia binti yake. "Mpeeni kiti. Mleteeni chai, amekonda."

Eugene hakukaa. Alisema ana haraka. Chai ililetwa, ikapoa pale pale, na mimi nikaona aibu kwa niaba yake.

Jumapili Kanali Kibiwott, msimamizi wa mafunzo, akaja kwetu mjini na Eugene nyuma yake. Ziara ya kirafiki, alisema. Debe tupu haliachi kuvuma. Kabla sijaweka ingokho, kuku wa wageni, mezani alikuwa ameshatueleza jinsi dunia ilivyobadilika, vita sasa ni vya mitambo, na kijana mwenye kipaji cha mitambo hawezi kukwamishwa na matanga ya kijijini. Alijimegea ugali wetu, obusuma, bonge zima huku akisema hayo.

"Afande, asikwamishwe," Ignatius akasema. "Aseme tu amejifunza nini kwa yule mama."

Eugene akaweka kijiko chini. Nilimtazama machoni, na nakiri nilimwombea. Angesema tu, nilikosa. Angesema chochote kile chenye mtu ndani yake.

"Nimejifunza kwamba raia wa eneo lile wana uhasama, afande. Mjane alitishia kunishambulia kwa fimbo. Wenzake walimuunga mkono. Walijaribu kunichelewesha kwa chakula. Napendekeza eneo liwe chini ya uangalizi."

Kanali akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa. "Umeona, Shikanga? Huyo amekusanya habari."

"Ameanguka, afande," mume wangu akasema.

"Basi mtihani wake nitausahihisha mimi mwenyewe."

"Afande, mimi bado nasema ameanguka."

Alikataa kama mtu anavyokataa kikombe cha pili cha chai, mkono juu ya kikombe lakini vidole vimeachana. Kanali akacheka, akampiga begani, akaomba maji ya kunawa. Nilimmwagia hadi yakalowesha mikono ya shati lake, na sikuomba msamaha.

Eugene alivishwa nyota mwezi uliofuata. Walimpa na tuzo ya matumizi ya teknolojia. Ignatius alirudi darasani kwa kundi jipya, anachora mishale yake, anawaambia wasalimie watu. Usiku wa siku Eugene alipovishwa nyota nilimwambia kwamba afadhali angepiga kelele wamfukuze, angalau Sammy angekuwa na mtu wa kumsemea. Akasema akifukuzwa, hao wengine nani atawafundisha? Nikazima taa, nikamgeuzia mgongo. Lililoniudhi zaidi ni kwamba alisema kweli.

Juzi nilikwenda Malinya kumwona Mama Jescah. Tulichambua maharagwe, tukasema habari za mvua. Halafu akauliza, "Na ule kijana wa ndege, alipita mtihani?"

"Alipita."

"Wamempeleka wapi?"

"Mpakani. Amepewa watu thelathini."

Akaendelea kuchambua maharagwe. "Huko mpakani kunakaanga watu? Wanawake, wazee?"

"Wapo, mama."

"Basi mtu awaambie," akasema, "wakifiwa wasikusanyike."