Mawese ya Kilio cha Yaya Byamungu

Ningekuwa ninatunga, ningejipa sifa. Lakini katika jambo hili mimi ndiye mkosaji, na mtu hatungi uongo wa kujiaibisha. Yalinipata mchana kweupe, kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu, na mke wangu alikuwemo ndani ya gari.

Gari langu ni zee, la mazutu, yaani dizeli. Klimatizeri yake, ile mashine ya kupuliza baridi, ilikuwa imekwama na kuifanya injini ivute kwa taabu. Fundi Amisi akaing'oa yote, bomba na mkanda wake, na matundu ya upepo akayaziba kwa karatoni. Kumbuka hilo: ndani ya gari lile hapakubaki kitu cha kuleta baridi.

Mazutu ilipoadimika mjini, huyo huyo Amisi akanifundisha kuitengeneza kwa mawese, mafuta ya michikichi. Unayapasha moto, unachanganya na spiriti na soda ile ya wapika sabuni, unaacha yatulie, unachota ya juu. Akanionya jambo moja: mafuta haya huganda kwenye baridi. Ukipanda milimani, panda jua likiwa kali.

Sasa sikia kosa langu. Kaka yangu mkubwa, Yaya Byamungu (Yaya ndivyo kwetu tunavyomwita mkubwa), alizama ziwani akivua. Mama alikuwa ameweka bidoni mbili, yaani madumu, za mawese ya kupikia siku ya kuondoa kilio chake, karamu ya kumaliza matanga. Kwetu kilio kisipoondolewa, marehemu hajapumzika. Nilijua. Nikayachukua kwa siri, nikayageuza mazutu ya kubebea mpunga wa watu, nikijiambia nitarudisha kabla ya siku yenyewe. Nani asiyejiambia hivyo?

Wiki hiyo hiyo binti yangu Furaha, wa miaka saba, akashikwa na malaria. Muuguzi wa mtaani akasema mtoto amekwisha damu. Mjomba wake mwenye damu ya aina yake alikuwa Lemera, juu milimani, kwenye hospitali. Magari yalikuwa yamelala na pikipiki hazina mafuta. Mimi pekee nilikuwa nayo. Saa sita mchana tukaondoka, Furaha akichemka kwenye mapaja ya mama yake kiti cha nyuma.

Karibu na Luberizi, katikati ya mashamba ya mpunga, nilisimama kuongeza maji kwenye radiata. Niliporudi, kiti cha mbele kilikuwa na mtu. Suruali yake ilichuruzika maji hadi miguuni pangu. Nani alimfungulia mlango? Nilijua kabla hajageuka. Mwanamume humjua kaka yake hata kwa kisogo.

Niliwasha gari nikaondoka, kwa hofu tu. Karatoni ya Amisi ikadondoka, na kutoka kwenye tundu lile tupu ukaja upepo wa baridi ambao klimatizeri haikuwahi kuutoa hata ilipokuwa mpya. Niamini. Nje watu walikuwa wakikimbilia vivuli. Injini ikakohoa, ikazima. Nilifungua boneti nikaona mpira wa mafuta, ule unaopitisha mwanga: mawese yalikuwa yameganda ndani, ya njano, kama asubuhi ya Lemera.

Nikarudi, nikaketi.

"Mawese ya kilio yangu iko wapi?" akauliza taratibu.

"Yaya, unisamehe. Mutoto iko anakufa."

"Siku ile ulikamata mawese, mutoto alikuwa muzima."

Nililia, nakuambia, mimi mwanamume mzima nililia nimeshika usukani.

"Nitatafuta ingine, Yaya. Minye nitafanya kilio kubwa."

"Weye uko na nyumba. Minye niko inje, na baridi." Akageuka nyuma, akamtazama Furaha. "Basi, tugawane."

Akanyoosha mkono, akamgusa mtoto kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kisha kiti kilikuwa kitupu, na maji sakafuni. Mke wangu hakuona mtu. Aliniona mimi nikilia peke yangu. Ila alikuwa amemfunika Furaha kwa vitenge viwili, na meno yake yeye mwenyewe yalikuwa yakigongana.

Mafuta yakayeyuka. Gari likawaka, likapanda mlima bila shida. Furaha akapewa damu ya mjomba wake, homa ikashuka, akaomba ugali. Nilimshukuru Mungu kwa sauti hadi wagonjwa wengine wakacheka.

Tulirudi, nikakiri kwa Mama, tukaondoa kilio kwa mawese mapya, bidoni nne badala ya mbili. Tuliimba, tukala, tukamwombea. Nilidhani yamekwisha.

Kidole kile hakijapata joto mpaka leo. Kwanza kilikuwa kimoja, kisha kiganja. Hataki kucheza na wenzake kwa sababu wanapiga kelele akiwashika. Tumeenda kwa madaktari, tumeenda kwa wachungaji. Kila Jumapili mama yake humpitishia chupa ya mawese mkononi, kuanzia kidoleni kwenda juu, aone yanaganda hadi wapi. Jana yaliganda juu ya kiwiko. Yaya alisema tugawane, wala hakusema atachukua kiasi gani, na mimi sikuuliza.

Nawe unayenisikiliza, ukikosa mazutu, mbebe mtoto mgongoni utembee hata siku mbili. Mawese ya kilio yaache pale mama yako alipoyaweka.