Chaki ya Papa Juu ya Mawe ya Moto

Kila nikisikia harufu ya mpira unaoungua, namwona baba yangu ameinama katikati ya mtaa wetu wa Mapendo, chaki mkononi. Papa, kama tulivyomwita, alikuwa mwandishi wa habari asiye na gazeti. Kila Jumapili aliandika vituko vya mtaa kwenye ubao uliotundikwa nje ya mlango wetu, kwa Kiswahili chetu cha Goma, na watu waliotoka misani walisimama kusoma mpaka wakashika mbavu. Waasi walipouteka mji, aliwatania askari wa kizuizi cha mtaani kwetu, ile barieri yao, waliopekua vikapu vya akina mama wa soko la Kituku kana kwamba samaki nao walihitaji karte za utambulisho. Kamanda wao akaja kumwonya: “Muzee, ukiandika tena juu yetu, tutakubeba.” Mama akamsihi aache. Ubao ukabaki mtupu, na nyumba nayo ikanyamaza.

Kisha mlima wa volkeno ulio juu ya mji ukapasuka. Tulikimbia, na tuliporudi, nyumba, ubao na kile kizuizi vyote vilikuwa chini ya mawe meusi yanayofuka moshi. Nilidhani Papa atalia. Akatoa chaki mfukoni, akatafuta jiwe lenye uso laini, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: HUYU NDIYE MUGENI WA KWANZA KUPITA BARIERI BILA KUONYESHA KARTE. Mama akashika kichwa. “Papa Neema, unataka watoto wabakiye yatima?”

Watu wakajaa, na kamanda akaja. Alisoma polepole, akainua buti ili afute maneno. Alisugua na kusugua, lakini jiwe lilikuwa bado la moto, soli ikaanza kuyeyuka na kunuka. Hakuna aliyethubutu kucheka. Kamanda akaitazama soli yake, akatazama kilipokuwa kizuizi chake, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. “Muzee, ni kweli,” akasema. “Hata mimi nilikimbia.” Ndipo tukacheka sote, watu tusio na nyumba, nami nikamtazama baba yangu kwa mshangao ambao haujaniisha mpaka leo.

Sasa Papa hayupo. Nyumba yetu imejengwa kwa mawe yale yale, waasi wengine wako mjini, na vizuizi vimerudi. Mimi huandika kwenye simu, ambako neno hufutwa kwa kidole bila mtu kuungua mguu. Jumapili hii niliandika utani, nikaufuta, nikauandika tena. Mama akausoma juu ya bega langu. Nilingoja anisihi niache. Akaingia chumbani, akarudi na kipande cha chaki.

“Neema, andika inje, kwa ukuta,” akasema. “Watu wasome pamoja.”