Zamu ya Kwanza ya Bibiane

Adabu ndiyo iliyomponza Bibiane, na wanaomjua pale Mount Druitt, magharibi mwa Sydney, hawakushangaa hata kidogo. Huyu ni mama ambaye ukiingia kwake unakalishwa kwenye kiti kizuri, unapakuliwa sombe, yaani kisamvu, mpaka sahani inalemewa, na yeye mwenyewe anakula amesimama jikoni. Kazi yake ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Ujanani alicheza mpira wa kikapu Bukavu, na alipofika Sydney akaanzisha timu ya wanawake, wengi wao Wakongo wenzake, wanaotoka kazini kwenye maghala wakiwa hoi na bado wanataka kukimbia.

Ligi yao ni ya wanawake wa Kiafrika wa upande wa magharibi wa jiji. Kila mwaka kabla ya msimu, wachezaji wapya hujiandikisha, na makocha huwachagua kwa zamu. Timu iliyoshika mkia huchagua kwanza. Utaratibu huo waliuiga kwenye ligi kubwa ya Marekani, ili aliye chini naye apate pa kushikia.

Mwaka uliopita zamu ya kwanza ilikuwa ya Bibiane. Bahati mbaya, siku hiyohiyo kulikuwa na timu mpya ya Wakenya, chini ya Zilpah, nesi wa hospitali ya Westmead, nayo ilipangiwa kuchagua mwisho. Bibiane akamwona Zilpah amekaa peke yake pembeni, roho ikamuuma. Akasimama, akasema, "Wageni watangulie." Zilpah hakungoja kubembelezwa. Alimchukua Ornella, aliyekuwa bora kuliko wapya wote, na Ornella akawabeba Wakenya hadi kwenye kombe. Timu ya Bibiane ikashika mkia tena.

Déo, mumewe, anayefuatilia ligi ya Marekani kuliko anavyofuatilia simu za ndugu zake, alishika kichwa.

"Bibi, kule watu wanatoa wachezaji wawili, watatu, wapate zamu kama hiyo. Weye umeigawa bure kama chakula ya arusi."

Bibiane aliona haya, na haya hiyo akatembea nayo msimu mzima. Sasa zamu ya kwanza ilikuwa imemrudia, na safari hii hapakuwa na nafasi ya kukosea. Wachezaji walikuwa wamechoka kupigwa. Wawili walikwisha kuhamia kwingine. Déborah, kapteni, alimwambia waziwazi walipokuwa wakikusanya mipira.

"Maman, mwaka hii tukipigwa tena, miye ninaenda équipe ingine. Siko tena na force ya kuchekwa kila Jumamosi."

Bibiane alijua kwamba Déborah akiondoka, waliobaki watamfuata, na timu itakuwa imekufa. Kwa hiyo Zilpah alipompigia simu, akimwita kwa jina la mwanawe Aimé, moyo ulimruka.

"Mama Aimé, si tubadilishane tu? Mimi nikupee Ornella, wewe unipee hiyo zamu yako ya kwanza. Utakuwa umerudisha yule ungechukua, na hakuna mtu atakucheka tena."

Neno la kukubali lilikuwa limeshafika mdomoni. Aliomba apewe siku chache, na habari ikawafikia wachezaji kabla hajaweka simu chini. Walishangilia. Déborah alimtumia ujumbe wenye mioyo mingi kuliko maneno. Lakini kadiri wenzake walivyofurahi, ndivyo Bibiane alivyozidi kukosa raha. Bingwa anamtoaje mchezaji wake bora hivihivi, tena kwa mtu ambaye bado hajulikani hata jina?

"Anatafuta nini?" alimuuliza Déo.

"Anatafuta miaka inakuya," Déo akajibu. "Ornella anaelekea thelathini na tatu, na goti yake imeanza kulalamika. Atakusaidia mwaka hii, labda na ingine moja. Mupya akiwa muzuri, utakuwa naye mpaka uzeeke. Zilpah anajua wa kumuchukua. Enda umutafute na weye."

Jumapili baada ya ibada Bibiane akaenda kuwatazama wapya wakijaribiwa. Kati yao alikuwemo Arakaza, msichana wa Kirundi kutoka Campbelltown, mrefu, mwenye mikono ambayo bado haijajua iwekwe wapi. Karibu kila mpira alioutupa ulikwenda kombo, na watu wakacheka. Bibiane hakucheka. Aliona kwamba kila akikosa, yeye ndiye anayewahi tena chini ya kikapu, na kila akinyang'anywa mpira, anarudi kuzuia kabla wenzake hawajageuka. Kisha akamtupia jicho Zilpah. Zilpah naye alikuwa akimtazama Arakaza, wala hakuwa akimtazama mtu mwingine yeyote.

Siku ya kuchagua, ukumbi ulikuwa tayari kumpongeza kwa kumpata Ornella. Bibiane alisimama.

"Zamu siibadilishi. Ninamuchagua Arakaza."

Déborah akaokota mkoba wake na kutoka nje. Bibiane alikaa chini akiamini kwamba ameiua timu kwa mkono wake mwenyewe.

Déborah alikuja mazoezini mara ya kwanza akisema amekuja kuaga tu. Arakaza, asiyejua lolote kuhusu ugomvi wa watu, akamfuata na mpira, akimwita kama dada mkubwa. "Yaya, nionyeshe vile unaweka kiwiko." Déborah akamwonyesha, kwa kununa. Akamwonyesha tena. Walikuwa bado wapo hapo mwenye ukumbi alipokuja kudai ukumbi wake, na neno la kuaga halikusemwa. Bibiane hakuuliza, maana aliliogopa jibu.

Walianza kwa kupigwa, kama kawaida. Kisha wakashinda mechi moja, halafu nyingine, na wakaanza kufika uwanjani mapema. Walipokutana na timu ya Zilpah walishindwa kwa kikapu kimoja tu, na hicho alikifunga Ornella dakika ya mwisho. Zilpah akaja akijifuta jasho, anacheka.

"Mama Aimé, sasa tuongee vizuri. Ornella, pamoja na zamu yangu ya mwaka ujao. Unipee tu huyo mrefu."

Bibiane alikuwa bado anatafuta maneno ya kukataa yasiyomuumiza mtu. Déborah, aliyekuwa amekaa sakafuni akifungua viatu, alimjibia bila kuinua kichwa.

"Uyu anabakia kwetu, Maman Zilpah. Na miye pia."