Caretaker wa Ploti Yangu Ni Mimi

Msimamizi wa ukurasa huu, jina langu usiliweke. Nikishazikwa ulitumie upendavyo. Nina miaka themanini na mitatu, mwalimu mstaafu wa historia, naishi Mutuini, pembeni mwa Nairobi. Moyo umechoka, na daktari hakunificha kwamba sina muda mrefu. Naandika nikiwa kitandani.

Nyuma ya nyumba yangu nina ploti, yaani vyumba vya kupangisha. Wapangaji wakijua mwenye nyumba ni jirani yao, hutapumzika: leo bomba, kesho kubembelezwa juu ya kodi. Kwa hiyo nilifanya kama wengi huku: nikanunua simu nyingine na laini ya pili, nikajiita Caretaker, mwangalizi wa ploti. Mtu akilalamika, Caretaker humjibu, "Ngoja nimuulize mzee." Mzee hukataa kila mara.

Nilipolazwa, kifungua mimba wangu, anayekaa Kileleshwa, alichukua simu yangu, akakusanya namba zote zilizomo na kufungua grupu la "Marafiki wa Mwalimu". Mimi hakuniweka, eti nisisumbuliwe. Lakini aliiweka namba ya Caretaker bila kujua ni yangu. Ndivyo nilivyoingia katika grupu la kunililia kabla sijafa.

Nimesahihisha insha za watoto miaka mingi, lakini upuuzi kama ule sijawahi kuusoma. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ana cheo, aliandika kwamba mimi ni baba yake wa pili. Baba huyo hajamtia machoni tangu amalize shule. Mwingine aliweka picha yetu: yeye yuko katikati, mimi ninaonekana bega. Kila asubuhi wananimwagia vikono vya maombi, vile vya manjano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kugonga lango langu. Kutoka mjini hadi Mutuini hakuhitaji pasipoti.

Anayegonga ni mtu mmoja, Kalasinga wa Ngara, nitamwita Singh. Alikuwa na duka la vyuma River Road, nami nilifundisha masomo ya jioni chumba cha juu. Simu yake ni kabambe ya vitufe, haiwezi kuingia kwenye grupu lolote. Kila Alhamisi anakuja na kunikata kucha za miguu, maana siwezi tena kuinama, huku akinitukana. "Mwalimu, hii kucha yako inataka koleo," husema.

Majuzi grupu likaamua kwamba siku ya mazishi atakayezungumza kwa niaba ya marafiki ni yule mwenye cheo. Nilimwambia mwanangu ana kwa ana kwamba namtaka Singh. Akasema, "Sawa, Baba, wacha niulize kwa grupu." Akauliza. Wakajibu, "Singh gani? Hayuko kwa grupu."

Caretaker akaandika, "Huyo ndiye rafiki wa mzee. Yeye huja kila wiki."

Mwenye cheo akamjibu, "Boss, hapa ni marafiki tu. Wewe shughulika na ploti."

Na mwanangu, kwa upole wote: "Asante, Caretaker. Lakini mzee akienda, tuambie hapa kwanza, kabla watu waanze kuposti."

Basi nimeajiriwa kutangaza kifo changu.

Alhamisi nilimsomea Singh majibu hayo. Alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia nataka kuwaandikia kwamba Caretaker ni mimi. Akaacha kucheka.

"Wewe wacha, Mwalimu. Ukisema hivyo, kesho wote watajaa hapa. Watalia, watapiga picha na wewe, mimi nitakosa hata kiti."

"Na siku ya mazishi?"

"Nitasimama kwa lango. Mimi nimezoea kusimama, nilikuwa na duka."

Akaendelea na kucha. Mimi sikuweza kumtazama.

Ninyi maelfu mnaosoma hapa hamnijui pia, na wengi mtaniachia vikono vilevile na kupita. Haidhuru. Nijitokeze, ili Singh apewe nafasi yake mbele ya jeneza langu, na Alhamisi zangu zilizobaki zijae wanafiki wenye kamera? Au ninyamaze nibaki na rafiki yangu, halafu siku hiyo asimame langoni kama mpita njia, huku yule mwenye cheo akieleza tulivyopendana? Nishaurini, na mjibu kwa ufupi. Caretaker atamfikishia mzee.