Korongo Lililoshonewa Shingo

Muuza mkaa ndiye aliyeanza kunong'ona. Alinivuta kando, mwanangu akiwa mgongoni, akasema, "Mama kichanga, umesikia? Fundi cherehani kichwa kimeruka. Analishonea korongo nguo!"

"Nguo gani?"

"Nenda ukajionee. Mimi simo."

Nilikwenda mbio, maana huyo ndiye aliyekata shuka zake mwenyewe akanishonea nepi za mwanangu.

Chumba chake ni cha mwisho kule bondeni. Udongo wa huko hauaminiki: jua likiwaka ni mgumu kama tofali, ukilowa unayeyuka kama sukari kwenye chai. Korongo lilianza kama mfereji wa kurukwa na kuku. Sasa limekwisha kumeza choo cha zamani na njia ya kisimani, na ukingo wake uko hatua sita tu kutoka nguzo ya kamba yake ya kuanikia nguo. Mwanawe alishamwambia, "Mama, nguzo ikianguka nakuja na gari kukuhamisha, hakuna mjadala." Akakubali. Ila mwanawe anakaa ghorofa ya tatu, chumba kimoja na watoto watatu, na cherehani haina pa kuwekwa.

"Huko nitakaa kama picha ukutani," aliniambia.

Nilimkuta ndani ya korongo, futi kamba shingoni, akipanga viroba alivyovishona kwa magunia mabovu na kuvijaza changarawe. Mwaka jana alipanga ukuta mmoja mrefu, ulionyooka. Maji yakazunguka pembeni, yakala hatua nne kwa mvua moja.

"Fundi mzima nilishona gauni lisilo na shingo!" alisema, akicheka mpaka akakaa chini. "Kichwa kingepita wapi? Kikapasua bega."

Safari hii alijenga kuta tatu fupi. Kila mmoja mabega yake yalizama kwenye kingo za korongo, na katikati ulishuka. Akapima kwa futi kamba. "Shingo pana. Maji ni mteja mnene, ukimbana anachana nguo."

Mvua ilikuja Jumamosi mchana. Tulisimama barazani kwake, mimi, yeye, na muuza mkaa aliyejidai amekuja kujikinga. Maji yalishuka mekundu, yakinguruma. Fundi alinishika mkono, akaubana hasa. Maji yakafika ukuta wa kwanza, yakasita, yakavimba, kisha yakapita katikati, polepole, kama mtu anayevaa nguo mpya.

"Imemwenea!" alipiga kelele muuza mkaa. "Jamani, imemwenea!"

"Si ulisema nimewehuka?"

"Nani, mimi? Mimi nilisema wewe ni fundi!"

Hata mwanangu alicheka, ingawa hajui kitu.

Mvua ilipokatika, nguzo ilikuwa imesimama. Nyuma ya kila ukuta ulikuwa umebaki udongo laini, unene wa kiganja, ule uliokuwa ukienda zake kila mwaka. Fundi alipima ukingo mara mbili, kisha akataka nipime mimi, eti miguu yangu haina upendeleo. Hatua sita, zile zile.

Aliingia ndani, akatoka na kitenge kilicholowa, akakianika kwenye kamba, akakinyoosha pindo.

"Simu yako ina chaji?" aliniuliza. "Ipige picha hiyo nguzo, umtumie mwanangu. Mwambie gari aje nalo vilevile. Nataka changarawe."