Mama Anataka Kujua Maana ya Jina la Kitabu Changu

Ukurasa huu nausoma kila siku bila kutoa neno, leo ni zamu yangu ya kulia. Naomba jina langu lisitokee. Nina miaka thelathini na sita, ni mwalimu wa sekondari hapa Likasi, nina mke na watoto wawili, na ninaishi na mama yangu mjane.

Miaka minne iliyopita mdogo wangu aliingia Shinkolobwe, mgodi uliofungwa, kuchimba kwa siri, akafukiwa na udongo. Wenzake walitoroka, wakaja kutuambia mimi na mjomba peke yetu. Mwili hatukuupata. Wiki ileile mama alikuwa ametoka hospitalini kwa ugonjwa wa tension, yaani shinikizo la damu, na mjomba akanishika mkono: "Ukimuambia leo, utazika bantu babili, mutoto na mama yake. Ngoja mwezi moja tu." Tukamwambia mama kwamba kijana amekwenda Zambia kutafuta kazi, atapiga simu Jumapili.

Sauti yangu na ya mdogo wangu watu walizichanganya tangu zamani. Jumapili ile, baada ya misa, nilijificha nyuma ya shule nikiwa na laini nyingine, nikapiga. Mama alicheka kwa furaha mpaka nikaona aibu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mwaka wa nne.

Ndugu zangu, mtu asiyefanyiwa matanga haondoki moyoni. Nyumbani sikuruhusiwa kulia, basi nikaandika riwaya. Inahusu mji wa miaka ijayo ambako kuomboleza ni kosa. Mtu akifa, serikali inampa karani sauti ya marehemu, na karani huyo anaipigia familia simu kila wiki. Nikaiita "Atapiga Jumapili". Wasomaji wananisifu, eti nimewachapa wakubwa kwa kalamu. Wanafunzi wakiniuliza maana ya jina hilo, nawajibu kwa mzaha: asiyejua maana haambiwi maana. Wanacheka. Hawajui kwamba karani ni mimi.

Jumamosi ijayo parokia imeandaa sherehe ya kukizindua kitabu. Mama haoni vizuri, hajakisoma, lakini anakitembeza sokoni kama mtoto mchanga. Kila jioni ananibana: "Mwana yangu, ile titre maana yake nini? Bantu beko bananiuliza, miye nabakia tu kuangalia." Nimekwepa mpaka nimechoka.

Jumapili iliyopita nilipiga kama kawaida, kwa sauti ya marehemu. Mama akasema, akiniita Papa kama anavyomwita mdogo wangu: "Papa, mukubwa yako anakatala kunielezea titre ya kitabu yake. Weye haukunidanganyaka hata siku moja. Niambie, maana yake nini?"

Machozi yalinitoka. Nikaogopa atasikia ninavyolia, nikaropoka: "Nitakuja Samedi, siku ya sherehe, mama. Nitakuelezea mi mwenyewe."

Sijui ni shetani gani aliyenifungua mdomo. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Ameanika godoro la mwanawe juani, amemwomba padri amwekee kiti cha mbele. Mjomba, aliyeyaanzisha haya yote, anataka niseme gari limepata ajali njiani. Yaani nimuue mdogo wangu mara ya pili! Mke wangu, ambaye juzi ndipo nilimfunulia siri hii, alisema mama aambiwe kabla ya Jumamosi. Naingia chumbani kwa mama nikiwa nimejiandaa kusema, natoka nikiwa nimempelekea maji ya kunywa tu.

Nampenda mama yangu, na ninajichukia. Nikimwambia, tension inaweza kumchukua, na atakufa akijua kwamba mwanawe mmoja aliondoka zamani na mwingine ni mwongo. Nisipomwambia, atakaa katika ukumbi ule mbele ya watu wote akitazama mlango.

Leo asubuhi amenituma nimnunulie mdogo wangu viatu vya sherehe. Akaniuliza: "Angali anavaa quarante-deux?" Nikamjibu ndiyo, arobaini na mbili.

Nishaurini jamani, nifanye nini?